Shimo Halilipwi

Mama mkwe wangu anafyatua matofali. Watu wanamwita Mama Tanuru, na ukimwona siku amekasirika utakubali kwamba jina limempata mwenyewe. Alipofiwa na mume, shemeji zake walimpa kipande cha bondeni, kando ya mto, ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu mahindi yalikuwa yanaoza humo. Walidhani wamemkomoa. Yeye akachukua udongo kiganjani, akauviringisha mpaka ukawa mwembamba kama kamba, akaona haukatiki, akajua unafaa kwa matofali. Mwaka uliofuata shemeji hao hao walikuja kununua matofali kwake, na hakuwapunguzia bei.

Shimo alilochimba udongo huo limesomesha watoto wake wote, akiwemo mume wangu, ambaye mpaka leo hawezi kufyatua tofali likasimama. Mimi ndiye niliyejifunza. Siku ya kwanza mama aliyatazama matofali yangu yaliyopinda, akasema, "Haya tutawauzia walevi, mwanangu. Wao watayaona yamenyooka."

Kisha likaja tangazo la serikali. Ukanda wote wa kando ya mto umewekwa chini ya hifadhi ili maji ya mji yasichafuke. Hati inabaki kwa mwenyewe, ila haruhusiwi kulima, kujenga wala kuchimba. Fidia italipwa baada ya tathmini. Majirani wakakimbilia kupanda miche kila mahali, maana kila mti una bei yake. Kuna aliyepanda mipapai mpaka mlangoni mwa choo. Mama Tanuru hakupanda kitu.

"Nidanganye ya nini," alisema, "na kazi yangu inaonekana?"

Mthamini alikuja asubuhi, kijana mwenye adabu, nisimwonee. Alimwamkia mama vizuri, akaandika banda, akaandika migomba, akapima tanuru. Alipofika ukingoni mwa shimo akasimama.

"Mama, shimo halilipwi. Hili linahesabiwa kuwa uharibifu wa ardhi. Gharama ya kulifukia itakatwa kwenye fidia yako."

Nilidhani sikusikia vizuri. Udongo uliotulisha miaka yote ni uharibifu, na mipapai ya chooni ndiyo mali!

"Na kazi yangu je?" mama akauliza.

"Hakuna kilichochukuliwa, mama. Ardhi bado ni yako."

"Ukiniachia chungu ukanikataza kupika, umeniachia nini?"

"Ni kwa faida ya wote. Mji mzima unakunywa maji haya."

"Hata mimi nayanywa, na sitaki yachafuke. Basi mji mzima ulipe. Mbona mzigo nibebeshwe peke yangu?"

Kijana akamnyooshea karatasi na kalamu, akasema kwa upole kwamba asiposaini atakosa hata hicho kidogo. Mume wangu, aliyekuwa ametulia muda wote kama maji mtungini, ndipo akapata sauti.

"Mama, saini tu yaishe. Mwenye nguvu mpishe."

Nilimkata jicho. Baba wa watoto wangu, na nampenda, lakini siku hiyo nilitamani nimfyatue upya.

Mama hakuigusa kalamu. Alijifunga kibwebwe, akachukua jembe, akashuka shimoni polepole kwa sababu magoti yanamsumbua.

"Mama, tafadhali toka," mthamini akaita. "Kuchimba kumeshakatazwa."

"Si umesema ardhi ni yangu? Basi niko kwangu. Siku mtakayonilipa udongo wangu, nitatoka mwenyewe, na shimo nitalifukia bure."

Akainua jembe, akapiga. Mume wangu akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba tutafungwa wote. Nikamwambia basi yeye abaki nje, awe anatuletea chakula. Nikavua viatu, nikashuka kukanyaga udongo.