Seti Tano za Malvern

Wanaoujua mkasa huu wako Johannesburg, na ndiyo maana mimi siko Johannesburg. Leo nausimulia mwenyewe, maana aibu ukiisimulia kwa mdomo wako unapata angalau nafasi ya kuchagua pa kuanzia, na mimi nachagua kuanzia mbali, kwa sababu mkinikuta moja kwa moja pale juu ya ngazi mtanichukia kabla hamjanijua.

Nilitoka Tanga na cheti cha kidato cha nne, begi moja na miguu isiyotulia. Nikakaa Mbeya miezi minane, Lusaka miaka miwili nikiuza vitasa vya milango, nikapita Harare ambako niliumwa tumbo wiki nzima nikauguzwa na mama mmoja ambaye hata jina sikumuuliza, kisha nikavuka Limpopo juu ya lori la magunia ya karanga, dereva anaimba njia nzima wimbo mmoja, na katika wimbo huo anaujua mstari mmoja tu. Nikashuka Johannesburg asubuhi ya Julai nimevaa ndala. (Julai kule ni baridi ya kupasua midomo, lakini mimi niliambiwa Afrika Kusini ni Afrika, nikaamini.) Ugonjwa wangu ni kwamba nikiwa mahali nataka kuondoka, na nikishaondoka napasifia mpaka watu wanahama meza.

Kitu kimoja nilichotoka nacho nyumbani bila kulipia mzigo ni tenisi. Nilipokuwa mwanafunzi niliokota mipira kwenye klabu moja ya zamani pale Tanga, na wanachama wakisahau magazeti yao ya michezo nayachukua, nayasoma usiku kwa kamusi. Humo ndimo nilimokutana na fainali za wanawake za kufunga msimu, yale mashindano ya mwisho wa mwaka ambayo hayaingii kila mtu, wanaitwa wanane bora tu, wanagawanywa makundi mawili ya wanne wanne. Niliyapenda kwa sababu yalikuwa mhamaji mwenzangu. Yalizaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya sabini yakilipiwa na kampuni ya sigara (wanawake wanakimbia mpaka mapafu yanaomba msamaha, na anayelipia ni muuza sigara), yakatulia New York miaka mingi, halafu yakaanza kuzurura: Ujerumani, California, Madrid, Doha, Istanbul, Singapore, China, Meksiko, mpaka juzi juzi Riyadh. Na kilichonishangaza zaidi ni kwamba fainali yao ilichezwa kwa seti tano kama wanaume, jambo ambalo wanawake hawakulifanya kwenye mashindano mengine makubwa. Nikalishika hilo kama mtu anavyoshika tarehe yake ya kuzaliwa. Miji niliendelea kuifuatilia redioni, lakini kanuni nilibaki nazo zile zile za magazeti ya Tanga, na fainali yenyewe sikuwahi kuiona kwa macho hata mara moja.

Basi, kwenye mtaa wa Fordsburg, hapo hapo Johannesburg, nikapata kazi kwenye duka la vifaa vya michezo, nashona mabegi na kukaza nyuzi za raketi. Wanafunzi na walimu wa chuo kikuu walikuwa wananiletea raketi zao kutoka Braamfontein, nami kila raketi nairudisha na hadithi bila kuombwa, ndipo nikapewa jina la Profesa.

Jina hilo ndilo lililonipeleka Malvern, mtaa wa upande wa mashariki wa jiji. Kulikuwa na akina mama wa Kitanzania na wa Kikongo ambao daktari aliwaambia wafanye mazoezi kwa sababu ya presha, na karibu na Jules Street kulikuwa na kiwanja cha manispaa kimepasuka katikati kama nyayo za mkulima, wavu umefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Wakaniita niwafundishe kila Jumamosi. Wengine walicheza na hijabu na suruali pana, wengine na kitenge juu ya taiti, na baada ya miezi michache wakabaki wanane waliokuwa wanacheza kweli. Wanane. Mtu mwenye akili timamu angeona wanawake wanane, mimi niliona New York. Nikawaambia tufunge mwaka kama wenyewe wanavyofunga, makundi mawili, nusu fainali, fainali. Wakakubali, ila kombe walilikataa, wakasema kombe halipiki kitu, zawadi iwe sufuria kubwa la pilau lenye mfuniko wake.

Sasa niseme lile ambalo ningependa kuliruka. Mmoja wa wale wanane alikuwa Bi Zuhura, mjane wa Tanga, anauza mabaibui kwenye soko la ndani pale Fordsburg. Alikuwa na mkono wa kushoto mkali na cheko fupi, cheko la mtu anayekupunja kwenye mizani huku unamshukuru. Nilimtuma Baba Shomari, mchinjaji wa Fordsburg, awe mshenga wangu. Akapiga simu Tanga kwa mjomba wa Zuhura, mjomba akasema mwanamke mtu mzima muulizeni mwenyewe, naye alipoulizwa akajibu, "Jumamosi. Tumalize fainali kwanza, kichwa changu hakibebi vitu viwili."

Siri ya posa Fordsburg inakaa siku moja na nusu. Jumamosi ilipofika kiwanja kilijaa watu waliokuja kusubiri matokeo mawili.

Fainali ilikuwa Zuhura na Mama Neema. Mama Neema ni msusi wa Jules Street, mzaliwa wa Bukavu, na mtu anayesuka vichwa sita kwa siku mikono yake si mikono ya kuchezea. Mwamuzi nilikuwa mimi, nani mwingine, nimekaa juu ya ngazi niliyoazima kwa fundi wa rangi, koti nimevaa, daftari mkononi. (Ndiyo, nilitakiwa nijitoe. Hata Baba Shomari aliniambia. Nikamjibu kwamba mwamuzi ni daftari, siyo moyo.)

Tulianza saa tatu asubuhi. Mama Neema akachukua seti ya kwanza sita kwa tatu. Akachukua ya pili sita kwa nne. Nusu fainali tulicheza seti tatu, mwenye mbili anaondoka na ushindi, kwa hiyo watu wote walielewa kwamba imekwisha: Wakongo wakapiga vigelegele, wakafungua vyungu vyao vya sombe, yaani kisamvu, na samaki, Zuhura mwenyewe akaenda kwenye wavu, akampa mkono Mama Neema, akacheka. Nikamwangalia anavyofuta jasho. Alikuwa ameshindwa na ametulia kabisa, mimi ndiye niliyekuwa sijatulia.

Nikasema, "Bado."

Neno moja tu, na nililisema taratibu.

"Bado nini?" akauliza Baba Shomari kutoka chini.

"Fainali ni seti tano."

Mama Neema alikuwa ameshashika samaki. "Tano njo ya nini, Papa? Miye nimeshinda mbili."

Hapo nikawapa historia. Nikiwa juu ya ngazi, jua linanichoma utosi, nikaanza na kampuni ya sigara, nikafika New York, nikaeleza kwamba makundi na nusu fainali ni seti tatu, lakini fainali, mabibi, fainali ni tano, ndivyo wanawake wakubwa wanavyofunga msimu wao. Nilisema kwa uhakika ambao nikiukumbuka leo nauonea wivu. Hakuna aliyebisha, kwa sababu pale Malvern hakukuwa na mtu mwingine aliyewahi kushika gazeti la tenisi, na mimi ndiye niliyewafundisha hata namna ya kuhesabu kumi na tano, thelathini.

Zuhura akasema, "Mimi nimeshampa mkono."

"Mkono utampa tena," nikamwambia.

Mama Neema akamaliza samaki wake (wawili, na soda ya machungwa), akajifunga kitenge upya. "Bon. Hata kumi tutacheza. Nisiambiwe nilikimbia."

Samaki wawili na soda si chakula cha kuchezea seti ya tatu. Zuhura akaichukua sita kwa mbili. Ya nne ikaanza, na hapo ndipo Neema, binti wa Mama Neema anayesoma Braamfontein, akaja chini ya ngazi yangu wakati wachezaji wanabadilishana upande. Neema Kiswahili anakisikia chote lakini kukitoa ni kama kutoa jino. Akanionyesha simu.

"Uncle. Hii seti tano, waliacha. Zamani sana. Mimi bado sijazaliwa. Sasa ni tatu."

Nikasoma. Maandishi yalikuwa wazi kabisa: walicheza tano kuanzia katikati ya miaka ya themanini mpaka karibu na mwisho wa tisini, kisha wakarudi tatu. Magazeti yangu hayakunidanganya, yalizeeka tu. Ninyi mnaonisikiliza mnajua la kufanya hapo: unashuka, unaomba radhi, Mama Neema anabeba sufuria lake, watu wanakucheka wiki moja yanakwisha. Mimi nikamwangalia Zuhura, anaongoza michezo mitatu kwa mmoja, uso umewaka, nikamrudishia Neema simu.

"Mwanangu, mtandao una mambo mengi. Kaa tutazungumza."

"Eish," akasema Neema, akaenda kusimama kwenye uzio, na hakuniondolea macho tena.

Seti ya nne, Zuhura. Ya tano Mama Neema alibanwa na misuli ya mguu, akawa anaanzisha mpira amesimama kama korongo, lakini hakuacha, na mimi kila pointi niliitaja nimeinamia daftari, nisikutane na macho ya Neema. Ilipofika saa saba, mawingu ya mvua ya mchana yameshapanda juu ya mabati, Zuhura akapiga mpira wa mwisho, saba kwa tano. Wanawake wa Tanga na Unguja wakaingia kiwanjani, sufuria likanyanyuliwa juu.

Neema akachukua kipaza sauti cha Baba Shomari, kile alicholetea muziki, akasoma simu yake polepole, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, na kuchechemea huko ndiko kulikonimaliza, kwa sababu watu walinyamaza ili wasikose neno. Alipomaliza akaongeza, "Uncle nilimwonyesha. Seti ya nne."

Vicheko vilianzia kwa Wakongo, halafu vikaenda kila upande. Kijana mmoja wa Kigoma akasema hii ni posa ya kwanza duniani kuletwa na refa. Mwingine akasema mahari yatahesabiwa kwa seti. Nikamtazama Baba Shomari anitetee, akainua mikono. "Mimi mshenga wako, Profesa. Wakili tafuta."

Nilitaka kushuka, ngazi ikagoma kutulia, nikabaki katikati, mguu mmoja juu mmoja hewani, nimekumbatia mbao kama mtoto.

Zuhura akaja pale chini. Hakupandisha sauti.

"Ni kweli alikuonyesha?"

"Ni kweli."

"Na ulipoianzisha ile ya tatu?"

"Hapo nilikuwa na hakika, wallahi."

"Hakika ya wapi?"

"Ya gazeti. La Tanga. Nilipokuwa shule."

Akanitazama kidogo, nadhani alitaka kucheka akajizuia. Kisha akaenda akachukua sufuria mikononi mwa wenzake, akalipeleka mpaka alipokaa Mama Neema akikandwa mguu, akaliweka mapajani mwake. "Lako hili, mwenzangu. Tangu saa nne na nusu."

"Na weye kamata nusu, tutapika pamoja," akasema Mama Neema, na akina mama wakacheka, cheko la wenyewe, mimi simo.

Ndipo Zuhura akanigeukia, na watu wote wakasogea kwa sababu walikuwa wameyasubiri matokeo ya pili.

"Hemedi, mimi nilishindwa nikakubali. Nilikuwa sina kinyongo, nina njaa tu. Wewe ndiye uliyekataa kwa niaba yangu. Mume wa hivyo, kila nikianguka atabadilisha sheria, mpaka nife sitajua lini nilisimama kwa miguu yangu." Akamwambia Baba Shomari, "Mfikishie jibu," ingawa nilikuwa mita mbili kutoka alipo.

Baba Shomari, ambaye kazi huifanya mpaka mwisho, akanifikishia. "Amekataa."

Mvua ikaanza, watu wakakimbia, nikashuka.

Mwezi uliofuata Fordsburg haikukalika. Nikiingia mgahawani naulizwa chapati zangu ni tatu au tano. Nikisimama kwenye robot kusubiri taa, mtu ananiambia kutoka garini, "Profesa, bado." Mama Neema peke yake ndiye aliyekuwa mwema, akanisalimu kila mara, na wema wake ulinichoma kuliko kejeli zote. Nikajua miguu imeshaamua. Nikaaga dukani, nikakata tiketi ya basi la kaskazini.

Zuhura alikuja kituoni. Sikumtegemea. Alisimama na mkoba wake begani kama mtu anayepita tu. Basi limeshawasha injini, nikaona sina cha kupoteza, nikamuuliza: kama ningesema imekwisha, pale kwenye seti ya pili, jibu lingekuwa nini?

"Ungelisikia siku ile ile," akasema, "na mimi nisingekuwa nimechoka." Akanirekebishia kola ya koti, akarudi nyuma. "Safari njema, kaka."

Mwanamke wa Tanga uliyempelekea posa akikuita kaka, hapo pana komeo na kufuli. Nikapanda. Nimeapa tangu siku hiyo: mechi ambayo mmoja wa wachezaji ni moyo wangu, nitaitazama kutoka kwenye nyasi, pamoja na watu wengine, na wakisema imekwisha nitapiga makofi.