Mkono Kichwani Kwenye Barabara ya Bengamisa

Niliondoka Kisangani siku ya Ijumaa kwenda kumpima mjomba wangu. Mwenyewe sikumwambia hivyo. Nilimwambia ninakwenda Bengamisa kumwona mama, na hilo halikuwa uongo, ila mama nilikuwa nimeongea naye kwenye simu jana yake na alikuwa mzima kabisa, analalamika kama kawaida.

Mjomba huyo ni tonton Asumani, mdogo wake mama. Familia yao ilitoka Maniema, yeye akaja Kisangani bado kijana, akashika usukani na hajauachia mpaka leo. Anaendesha jeep ya abiria kati ya mji na Bengamisa. Binti yangu Furaha alikuwa amepata nafasi katika shule moja ya huko, shule nzuri, na bibi yake alikuwa tayari kumpa kitanda. Angekuwa anarudi kwangu kila mwisho wa juma. Gari lenye mtu wa kwetu ni moja tu, la tonton, na ukoo mzima uliona jambo limekwisha. Mimi sikuona hivyo. Mjini wanamtania tonton kwamba yeye hufika kabla hajaondoka. Furaha ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake yuko Isangi kwenye kazi za mtoni, na nilipompigia kumuuliza alinijibu, "Wewe njo uko karibu, uamue," yaani mimi ndiye niliye karibu. Basi nikaomba ruhusa dukani ninapouza dawa, nikaenda kuamua.

Asubuhi, kwenye parking. Tonton alinipa kiti cha mbele bila hata kuuliza. Nyuma yangu alikaa Mama Véro, mfanyabiashara wa mchele anayepanda gari hilo kila wiki, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kabla hatujaondoka alishaanza kumhimiza dereva.

"Bon, Asumani, leo tufike mbele ya jua kali. Si unajua barabara?"

"Mama Véro, miye naijua kupita hata bibi yangu," tonton akajibu, na gari zima likacheka.

Tulivuka daraja la Tshopo polepole sana. Kapalata nako tulipita kwa adabu ya watu wanaokwenda kanisani, tonton ameshika usukani kwa mikono miwili na mkanda wa kiti umemkaa kifuani. Nilianza kufikiri kwamba watu wamemsingizia. Nyumba za mwisho zilipoisha, aliufungua ule mkanda, akaupachika nyuma ya kiti, akakanyaga. Miti ikaanza kupita dirishani kama inafukuzwa. Nilishika chuma cha mlango na nikaendelea kukishika karibu safari nzima.

Nikamuuliza kwa nini Kapalata alikuwa mpole vile.

"Pale ba-roulage beko," akasema. Roulage ni askari wa barabara, hakuna asiyewajua. "Banajificha nyuma ya kibanda. Siku hizi beko na kile kitu cha kupima mbio, kinafanana na séchoir ya saluni. Banakuelekeza nacho kama banataka kukukausha nywele."

"Sasa huku hakuna mtu wa kugongwa?"

"Huku? Sikia, mutoto wa dada yangu. Mbio haiue mutu. Kusimama mubaya njo inaua. Tangu nianze kuendesha sijaumiza hata kuku."

"Na ile kuku ya Mama Sifa?" Mama Véro akauliza kutoka nyuma.

"Ile ilijiua."

Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Alipoona hivyo, tonton akaanza kunieleza haki yake, na kusema kweli alikuwa na hoja. Barabara yote hii, alisema, hakuna kibao hata kimoja kinachoonyesha mwendo. Wakiandika, atafuata. Hawaandiki, wanajificha kwenye migomba, kisha wanaruka na filimbi, na asubuhi yako inapotelea pale. "Mutu wa kazi ya kweli anajificha juu ya sababu gani?" aliuliza. "Mwizi njo anajificha." Abiria walimuunga mkono. Niliwasikiliza nikaona kwamba katika gari lile mwenye hofu ya mbio ni mimi peke yangu. Wenzangu wote walikuwa na hofu ya roulage.

Ndiyo maana wana ishara yao. Dereva anayetoka mbele, akiwa amewaona askari, hutoa mkono dirishani na kuugusisha utosini, kiganja kikiwa bapa, kama mtu anayeweka képi, ile kofia ya polisi. Hakuna anayepita bila kuijibu. Hata wenye pikipiki wanaijua, hata madereva wasiosalimiana kwa ugomvi wa abiria huonyeshana. Tonton aliniambia kwamba ndicho kitu cha pekee ambacho shofere hawezi kumdanganya nacho shofere mwenzake. Alilisema kwa heshima, kama mtu anayetaja dini.

Katikati ya safari, mahali barabara inapopanda kilima na kukata kona kali, lori lilitokea juu likiwa limejaa mafuta ya mawese. Dereva wake alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu. Alitoa mkono dirishani, akaugusisha kichwani.

"Papa Lokwa," tonton akasema, na mguu wake ukatoka kwenye mafuta papo hapo. "Munaona? Bila yeye tungekwisha." Akavuta mkanda, akaufunga. Tulipanda kilima kwa mwendo wa mtu anayesukuma baiskeli, tukaizunguka kona.

Askari hakuwako. Kulikuwa na mpunga. Nyie mnaoijua njia ile mnajua kwamba msitu unabana pande zote mbili, na jua la kukaushia kitu linapatikana barabarani tu. Wanawake wa kijiji walikuwa wametandika maturubai kuanzia ukingoni hadi karibu nusu ya njia, wanageuza mpunga kwa nyayo, migongo yao wametupa sisi. Kwenye turubai la kwanza, upande wetu, watoto wawili walikuwa wamelala, mmoja kifudifudi, mkono wake umetoka nje kwenye udongo mwekundu. Mama mmoja alisikia gari, akainama, akauvuta ule mkono ndani kwa utulivu, akatupungia. Tulipita karibu nao kiasi kwamba niliona punje za mpunga zimemganda mtoto shavuni.

Nilijua mwendo tuliokuwa nao chini ya kilima, na nilijua urefu wa ile kona. Nilimgeukia tonton nikidhani na yeye ameona.

"Roulage beko wapi?" alikuwa akiuliza, shingo nje ya dirisha, anachungulia migomba. "Hakuna mutu! Papa Lokwa ananiongopea miye?"

Alilalamika hadi Bengamisa. Mama Véro alisema labda askari walikwenda kunywa chai. Tonton akasema hapana, hapo hakuna hata alama ya kiatu, yule mzee amewachezea, na alirudisha mwendo wake wote ili kufidia dakika zilizopotea.

Bengamisa, mchana. Mama alikuwa amenipikia lituma ya ndizi na pondu ya kisamvu, na kitanda cha Furaha kilishatandikwa shuka jipya lenye maua. Alinionyesha msumari wa kutundikia sare, kisha dirisha ambalo seremala amelirekebisha kwa ajili ya mjukuu. Jioni nilimwambia wazi kwamba simwachi Furaha apande na Asumani.

"Atakuja na nini? Miguu?" mama akauliza.

"Basi hatakuja."

Mama akaanza kukunja lile shuka. Alilikunja taratibu, kona kwa kona, na hakunisemesha tena mpaka tukalala. Iliniuma sana, na bado sikubadili neno.

Jumapili asubuhi, kwenye parking ya Bengamisa. Nilifika na mzigo wangu nikakuta madereva wamezunguka lori la Papa Lokwa, lililokuwa limerudi kutoka mjini. Yule mzee alikaa kwenye ngazi ya lori lake, kofia ya sufu kichwani, anakula kwanga, mkate wa muhogo. Mtu mkubwa wa parking, wanayemwita président, alikuwa amesimama mbele yake. Ilikuwa kesi kamili. Madereva watatu walikuwa wameonyeshwa mkono kichwani kwenye ile kona, siku tofauti, na wote watatu hawakukuta askari.

"Papa Lokwa, uko muzee wetu," président akasema. "Alors, tuambie. Uliona roulage?"

"Sikuona."

"Juu ya nini unaonyesha képi?"

Mzee alimeza kwanza. Yeye ni mtu wa mto, wa upande wa Yanonge, na Kiswahili chake kinatembea polepole. "Niliwasha taa," akasema. "Banafikiri nasalimia, nabo banawasha. Nilishusha mukono, kusema malembe, malembe, polepole. Banafikiri niko na panne, lori imekufa, banapita mbio zaidi ili nisiombe spana. Képi tu njo munaheshimu. Pale kona kuko bamama na mupunga yabo. Donc, ninaweka képi."

Kelele zikapanda. Nilitegemea wangeona aibu, lakini hasira yao ilikuwa ya kweli, na nilielewa ilikotoka. Mmoja alisema kwamba ishara ikishaingia uongo imekufa. Kesho roulage watakuwako kweli na hakuna atakayeamini. Mwingine alipiga bodi ya lori kwa kiganja. Tonton ndiye aliyeumia kuliko wote. Aliponiona, alinishika mkono akanivuta katikati.

"Huyu mutoto wa dada yangu alikuwa mbele na miye. Anaona vizuri. Baambie. Kulikuwa roulage pale?"

Wote walinigeukia. Huyu ni mjomba wangu, na ilikuwa mbele ya watu wa kazi yake.

"Roulage hawakuwako," nikasema. "Kulikuwa watoto wawili wamelala kwenye turubai. Wewe tonton ulikuwa unatazama migomba, hukuwaona. Kama papa huyu asingeweka mkono kichwani, tungewapita juu. Na ndiyo maana Furaha hatapanda gari lako."

Tonton aliuachia mkono wangu. Président alikohoa, akatoa hukumu: Papa Lokwa anunulie parking nzima kinywaji, na asirudie. Mzee akasema kinywaji atanunua kwa furaha, na kwamba atarudia. "Sasa tutajuaje kama képi njo ya kweli?" kijana mmoja akalalama. Papa Lokwa akafuta vidole kwenye suruali, akamjibu, "Hamutajua. Mupunguze tu."

Njia ya kurudi ilikuwa chungu. Tonton alinipa kiti kile kile cha mbele lakini hakunitazama. Baadaye kidogo alisema, macho barabarani, "Umeninyima mutoto mbele ya batu." Nikamwambia ni bora nimnyime mbele ya watu kuliko kumlilia mbele ya watu. Mwendo wake ulikuwa ule ule.

Mbele kidogo pikipiki ilitokea, dereva wake ameweka mkono kichwani. Tonton alisonya. "Huyu naye ni Lokwa," akasema, mguu ukabaki pale pale kidogo, kisha ukatoka. "Na kama ni kweli?" Tulipunguza. Safari hii ilikuwa kweli: askari wawili wa roulage walitoka nyuma ya jengo la kanisa lisiloezekwa, mmoja akiwa na ile séchoir, wakatutazama tukipita kwa upole wetu wote. Tonton aliwasalimia kwa heshima kubwa, na tulipowaacha akakanyaga kama kawaida. Hatujapita hata kijiji kimoja, gari jingine, mkono kichwani. Akapunguza tena akitukana kimyakimya. Hakukuwa na kitu ila mbuzi na fundi wa baiskeli. Alikanyaga tena, akaonyeshwa tena.

"Mayele ya Lokwa, ile ujanja yake, imeingia babo bote," akasema. "Miye nashindwa kujua sasa."

Tulipoukaribia upande wa juu wa ile kona, barabara mbele ilikuwa tupu. Hakuna lori, hakuna pikipiki, hakuna mkono wa mtu yeyote. Nilishika chuma cha mlango. Nilimwona tonton anatazama mbele, anatazama kioo, kisha akavuta mkanda akaufunga, na gari likaanza kushuka malembe, malembe. Wanawake walikuwako na mpunga wao. Mtoto mmoja alikuwa macho, amekaa katikati ya turubai anajaza mpunga kwenye kikombe. Tonton alisimamisha gari kabisa mpaka mama yake akamsogeza. Alipoiacha ile kona alisahau kufungua mkanda, na tuliingia Kapalata akiwa bado amefungwa.

Kisangani, kwenye parking, alinishushia mzigo wangu mwenyewe. "Na Furaha?" akauliza, huku anapangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Nilimwambia tujaribu mwezi mmoja. Nikampigia mama, nikamwambia atandike lile shuka.

Nilichojifunza katika safari hiyo ni kidogo na hakinipendezi sana. Nilikuwa nimekwenda nikidhani kwamba watu wenye mbio hawana hofu. Wanayo, tena nyingi, ila yote wameiweka kwenye kofia ya askari, na mtoto aliyelala kwenye mpunga hana kofia. Papa Lokwa alikuwa ameielewa barabara yao kuliko mimi niliyekwenda kuwapima, naye hakuwahubiria. Aliwavalisha wale watoto kofia.

Furaha alirudi Jumamosi ya kwanza, amekaa mbele, mkanda umemkaa kifuani, vumbi jekundu kwenye kope. Tonton alikataa kushuka, akasema ana haraka, akaondoka taratibu kabisa. Mtoto alivua viatu mlangoni, akaomba maji, akanywa, kisha akaniuliza:

"Mama, roulage wamekuwa wengi vile? Tonton anaweka mkono kichwani kwa kila gari tunalokutana nalo. Njia nzima! Mimi nilichungulia mpaka shingo ikauma, na sikuona hata mmoja."