Matofali Yaleyale

Huko Sola, wilayani Maswa, kila aliyepita nyuma ya zizi la Joakim aliujua mlima wa Felisita. Haukuwa mlima. Lilikuwa rundo pana la udongo, kimo cha kiuno, limeota nyasi, na kuku walioga vumbi juu yake. Felisita, dada yake Joakim, alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na udongo ule ndio uliokuwa nyumba yake.

Alirudi kutoka kwenye ndoa na sanduku moja, akapewa chumba kando ya jiko. Kilikuwa ghala la mahindi, na hakikuacha kuwa ghala. Alilala kati ya magunia na ukuta, na aliyetaka mahindi aliingia tu, maana mlango ule haukuwa na mwenyewe. Hakuna aliyemfukuza. Kaka yake alimpa hata kiwanja nyuma ya zizi. Alichotaka Felisita ni mlango ambao mtu akiufikia, asimame kwanza.

Mwaka wa kwanza alimwita Dastan, fundi wa pale kijijini. Dastan akamchorea nyumba kwenye karatasi ya daftari: vyumba vinne, sebule na kibaraza. Akamwambia kwamba kuwasha tanuru la matofali yasiyofika elfu tano ni kupoteza kuni. Felisita akaikunja ile karatasi, akaitia ndani ya Biblia.

Tangu hapo, kila pamba ikishachumwa, alifyatua. Akifika elfu moja, mtu anaugua. Akifika elfu mbili, kuna msiba. Kuni nazo hazikupatikana, miti ilishakwisha. Halafu mvua inakuja. Tofali bichi likinyeshewa hulegea kona kwanza, kisha huinama, kisha hurudi kuwa udongo. Na kwa kuwa udongo mzuri ulikuwa mbali, mwaka uliofuata alichimba kwenye rundo lilelile. Miaka sita alifyatua matofali yaleyale.

Evalina, mke wa Joakim, hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake haukujua kupumzika. Aliwaambia wageni kwamba wifi yake analima matofali, na mvua ndiyo inayomvunia. Wageni walicheka. Felisita naye alicheka, maana kukasirika kunataka nguvu.

Mwaka huu, mwezi wa tisa, bwana shamba alipita kuwakumbusha watu wang'oe mabua ya pamba na kuyachoma, wadudu wasibaki. Ni kazi ya kila mwaka. Felisita aling'oa mpaka mgongo ukakataa, akawasha mafungu mawili kama kawaida, akasimama kuangalia moto. Ulikuwa mkali, hauna hata moshi. Akaona aibu, peke yake pale shambani. Miaka yote hiyo alikuwa anachoma kuni huku, kisha anarudi nyumbani kulalamika kwamba hana kuni.

Mafungu yaliyobaki hakuyawasha. Aliyabeba kichwani, siku tisa.

Alikuwa na matofali elfu moja na mia moja. Dastan alipoitwa aliyazunguka, akacheka.

"Mayu, mama yangu, hiki ni choo tu."

"Basi nichomee hicho choo."

"Na vile vyumba vinne?"

"Nimevichoka."

Dastan akaacha kucheka. Akapanga tanuru dogo, akajaza pumba za mpunga katikati ili moto ukae, akamwonya kwamba mabua huisha upesi, itabidi alishe bila kuketi, na hata hivyo matofali ya nje hayataiva. Felisita alilisha kutwa nzima, na kesho yake tena.

Lilipopoa aligonga moja moja. Yaliyolia aliyapanga kulia, yaliyonyamaza, yasiyoiva, kushoto. Ya kulia yalikuwa mia sita na kidogo. Kwa chumba hayatoshi. Hakuna aliyehitaji kumwambia, ingawa Evalina alimwambia.

Mvua ikaja wiki iliyofuata, kubwa. Felisita alikaa penye mlango wa ghala akiangalia. Ya kushoto yalilegea kona, yakainama, kama alivyoyazoea. Ilipokatika alitoka, akaokota moja la kulia. Lilikuwa zito kwa maji, na kona zake zote zipo. Alidhani siku hiyo ikifika angefurahi zaidi. Alikuwa amechoka tu. Lakini mwakani hataanzia kwenye matope.

Akachukua baadhi, akayapanga chini bila udongo, mstari mmoja, hatua nne kwa nne, akaacha nafasi upande unaotazama njia. Kisha akaweka kigoda katikati, akaketi kupumzisha mgongo.

Evalina alikuja na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Ukuta wenyewe ulimfika kwenye kifundo cha mguu, angeweza kuuvuka bila kuuangalia. Alinyanyua mguu, akaurudisha. Akazunguka mpaka kwenye ile nafasi, akasimama.

"Hodi, wifi."

Felisita alimwacha asimame kidogo.

"Karibu," akasema.