Papa Fromage, Pizza Kumi na Mbili na Cachet Moja

Jina lake halisi ni Nshombo, baba wa watoto wanne, mwalimu mkuu wa zamani kule Walungu, Kongo, dereva wa forklifti hapa Buffalo, Amerika. Lakini ukimtaja Nshombo, kuanzia Black Rock mpaka Louisville, watu watakukodolea macho tu. Uliza Papa Fromage, yaani Baba Jibini. Hata watoto wa sande-skuli watakupeleka mpaka mlangoni kwake, na watacheka njia nzima.

Jina lilimkamata hivi. Mwezi wa tisa, watu wa kampeni ya mgombea mmoja wa uchaguzi walikuja kwenye ukumbi wa kanisa, mtaa wa Black Rock, baada ya ibada. Walileta pizza kumi na mbili. Sasa, kwa Wakongo mgeni akileta chakula huwezi ukala ukanyamaza. Mkubwa wa nyumba anasimama, anashukuru. Na mkubwa siku ile alikuwa Nshombo, président wa mutualité, ile jumuiya ya Wakongo wa Louisville, Columbus na Buffalo ya kuchangiana harusi na kuzikana.

Basi akasimama, kipande mkononi, akashukuru dakika kumi na moja. Kumi na moja, jamani! Pizza inapoa, yeye bado yuko kwenye "tunamushukuru Mungu mwenye aliwalinda njiani." Njia yenyewe ilikuwa kutoka Kenmore, dakika kumi kwa gari. Muhoza, Mrundi mmoja anayelipwa kwa kazi ya ukalimani, alitafsiri mpaka sauti ikakauka. Nshombo akamalizia vile kila hotuba ya shukrani inavyomaliziwa kule nyumbani: "Mulitufikiria, na siye bote tuko nyuma yenu." Kisha akang'ata. Jibini likavutika kutoka mdomoni mpaka kwenye tai, na hapo hapo mtu akapiga picha.

Wiki mbili baadaye ile picha ilikuwa kwenye karatasi ya kung'aa, ndani ya kila sanduku la barua kuanzia Black Rock mpaka Kenmore. Macho yamefumba, mdomo wazi, jibini linaning'inia. Chini yake, kwa herufi kubwa: jumuiya ya Wakongo iko nyuma yetu.

Kijana mmoja wa Louisville akaifanya stika ya WhatsApp siku ile ile. Grupu la mutualité lina watu mia tatu na kumi na wawili, na stika ikawa inajibu kila kitu. Mtu akiandika "Bwana asifiwe", stika. Mama akiuliza nani anauza sombe, yale majani ya muhogo, stika. Mzee Bisogo wa Columbus alipofiwa na kaka yake, mtu mmoja mwenye vidole vinene akabonyeza vibaya, na Nshombo na jibini lake wakatua katikati ya rambirambi. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka Mzee Bisogo mwenyewe. Kuanzia hapo jina la Nshombo likawa la kwenye leseni ya udereva tu.

Ila stika ilikuwa mzaha. Kilichommaliza ni cachet, ule muhuri wa mutualité.

Siku ile ya pizza, mama wa kampeni, mzungu mrefu mwenye tabasamu la muuza simu, alizungusha karatasi ili watu waandike majina na namba za simu. Ikamfikia Nshombo mwisho. Sasa mtu aliyeongoza shule miaka tisa Kongo, unampa karatasi yenye majina, unadhani atairudisha hivi hivi, uchi? Kwake karatasi bila muhuri ni ya kufungia karanga. Akafungua begi, akatoa cachet ya mutualité, akaipulizia pumzi, akagonga. Wino wa zambarau, duara kamili. Juu yake akaweka sahihi yenye mikia mitatu. Yule mama alikuja kuokota namba za simu, akaondoka na tamko rasmi, na duara lile la zambarau likachapwa kwenye ile karatasi ya kung'aa.

Na mutualité ina sheria ya nne ambayo hata mlevi anaijua: jina la mutualité haliingii kwenye siasa. Walioiandika walikuwa watu ambao siasa iliwachomea nyumba.

Bagula, shemasi wa Louisville, mpakiaji wa maboksi na mtu aliyekitamani kiti cha président miaka mitatu, alitupa sauti ya dakika saba kwenye grupu.

"Ba frères na ba sœurs, miye sina chuki na mutu. Lakini nauliza, nani alimutuma Nshombo atuuzishe? Hata mbuzi, kule kwetu, banapatana bei kwanza. Siye tuliuzishwa kwa pizza! Na haikukuwa hata na nyama!"

Nshombo akajibu akiwa kazini, forklifti inalia tii-tii nyuma yake. "Bagula, nilishukuru chakula. Kushukuru njo kosa? Weye unakulaka na kutoka kama mbwa?"

"Bon. Unaniita mbwa mbele ya batu mia tatu?"

"Mia tatu na kumi na mbili," mtu akasahihisha, akaweka stika.

Grupu likawaka, na haukuwa ugomvi wa wanaume wawili tu. Zamani hesabu ilikuwa rahisi: mkimbizi akipata uraia, watu wa chama cha bluu wanamtia mfukoni bila hata kumsalimia. Halafu wachungaji na madereva wa malori wakaanza kuhamia kwa watu wa nyekundu, mmoja kwa ajili ya imani, mwingine kwa ajili ya bei ya mayai. Halafu mlango wa wakimbizi ukafungwa, mashangazi na wajomba wakabaki wamekwama kwenye kambi za Nyarugusu na Nakivale na mabegi yamefungwa. Waliorukia nyekundu, baadhi wakarudi mbio. Wengine wakabaki, wakisema Mungu ana mpango. Wengine wakasema hawapigi kura tena maishani. Columbus kuna nyumba baba ni nyekundu, mama ni bluu, na binti anawajibu wote kwa Kiingereza kwamba hajali, macho kwenye simu.

Na hapo ndipo mtu anapata bei. Anayejua utampigia kura hakuletei chakula. Anayejua hutampigia, hakuletei pia. Chakula kinaenda kwa anayeyumba, na Wakongo wa miji mitatu walikuwa wanayumba kama jino la mtoto wa miaka sita.

Clémence, mke wa Nshombo, anayelea wazee majumbani mwao na hana subira na wengine, alimwambia aende akadai picha yake. Nshombo akaomba ruhusa kazini, akampigia simu mama wa kampeni. Yule mama akamweleza polepole, kama anaongea na mgonjwa: karatasi ile haikuchapishwa na mgombea. Ilichapishwa na kikundi kinachojitegemea, kinachompenda sana mgombea, lakini sheria inakikataza kupanga naye mambo. Kwa hiyo yeye hawezi kuwaambia kitu. Picha waliipata wapi? Mtandaoni. Na tamko? Mtandaoni pia. Na pesa zao zinatoka wapi? Kwa kikundi kingine. Na hicho? Kingine tena.

"Donc," Clémence akasema, "ile karatasi haina baba, haina mama. Ila sura juu yake njo ya kwako."

Nshombo akafuata anwani iliyoandikwa chini ya karatasi, kwa herufi za kusomwa kwa darubini. Akafika kwenye duka la kukodisha visanduku vya barua, jirani na saluni ya kucha. Kikundi chote kile, na mamilioni yake, kilikuwa kisanduku namba 214, ukubwa wa boksi la viatu. Akasimama mbele yake. Unagombana vipi na kisanduku? Akakipiga teke. Mwenye duka akamtoa nje, na kesho yake gumba la mguu likawa limevimba.

Cheka, ila uelewe. Kazini Nshombo ni namba kwenye kizibao cha njano. Msimamizi wake, umri wa mwanawe wa kwanza, anamwita "big guy" kwa sababu jina linamshinda. Siku sita hivyo hivyo. Ya saba anavaa suti, anaingia ukumbini, na watu wanasimama: Président. Kila kitu kingine Amerika alipewa kwa kujaza fomu. Kile kiti alichaguliwa. Na mkutano mkuu wa Columbus, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa kumi, ndio ungesema kama anabaki nacho.

Njiani alipiga hesabu kwa sauti, saa tano nzima, Clémence akiwa usukani kwa sababu ya lile gumba. Buffalo ni wake. Columbus watagawanyika. Louisville ni wa Bagula, lakini Louisville huwa hawafiki thelathini, magari yao yanafia njiani.

Saa nne asubuhi, mbele ya ukumbi waliokodi Clintonville, mtaa wa Columbus, likaingia basi la watalii. Vioo vyeusi, choo ndani. Wakashuka watu wa Louisville hamsini na wanne, kila mmoja na boksi la chakula, na nusu yao hawajawahi kuonekana mkutanoni tangu mutualité izaliwe.

Emérence, secrétaire, mwenyeji wa Clintonville, alikuwa mlangoni na daftari la majina.

"Bagula, hii bus nani alilipa?"

"Marafiki."

"Marafiki gani banakuwaka na bus?"

"Ba imani, dada. Andika majina tu."

Nshombo akanyakua boksi moja, akaligeuza. Chini yake kulikuwa na kibandiko chekundu, na jina la mgombea wa Kentucky, jimbo lenye Louisville. Akawaza: Nimempata! Akapanda juu ya kiti, akaliinua boksi mbele ya watu wote.

"Sheria ya ine! Muangalie! Miye nilikula pizza, huyu amekula bus muzima!"

Ukumbi ukapasuka. Bagula hakutikisika hata sharubu.

"Miye sikugonga cachet," akasema. "Uko na karatasi yangu? Leta karatasi."

Na karatasi haikuwepo. Bagula hakuwa msafi kumzidi, alikuwa tu na adabu ya kutoacha alama.

Akasimama Mama Fides wa Louisville, mwenye mjukuu mgongoni. "Président, mwaka jana tulikuya mu gari bila chauffage, baridi tupu, mutoto akatapika njia muzima. Leo tulilala mu siti. Weye ulitutumia gari gani?"

Gari gani? Nshombo alikuwa amewatumia tangazo, lenye muhuri.

"Bote babili beko wezi!" akapaza sauti Balagizi, dereva wa lori wa Columbus. "Banatupigia bei kama nguruwe!" Vijana wake wakapiga makofi, kisha wakatoka nje kula sambusa na hawakurudi kupiga kura. Wale ndio Nshombo aliwahesabu njiani kama wake.

Kura ilipigwa kwa mistari, kila mtu nyuma ya mgombea wake. Nshombo hakugeuka kuangalia mstari wake, ila alisikia jinsi viatu vilivyokuwa vichache. Emérence akahesabu mara mbili. Bagula sabini na mmoja. Nshombo arobaini na nne.

"Buffalo!" Nshombo akasema. "Tunatoka. Kuanzia leo tuko na mutualité yetu."

Watu kumi na wanane wakasimama. Clémence, aliyekuwa mstarini nyuma yake dakika mbili kabla, alikuwa amesharudi kuketi, pochi magotini.

"Clémence."

"Miye sitoki."

"Nasema simama."

"Mama yangu iko Louisville. Akikufa, nani atamuzika? Weye na batu yako kumi na munane?" Hakupaza sauti, na kila mtu alisikia. "Enda. Lakini funguo ya gari iko na miye."

Basi président wa Buffalo huru akasimama kwenye maegesho kwa saa mbili, upepo unampitia suti, akimsubiri mke wake amalize mkutano wa adui. Bagula alipita, akamwekea boksi la chakula juu ya boneti. Nshombo aliapa hataligusa. Basi la Louisville lilipoondoka alikula kuku wote, na mifupa akaitupa kuelekea lilikokwenda.

Wakashika njia ya Buffalo. Walipopita Cleveland Clémence akauliza kama ana njaa. Akasema hapana.

Columbus nao hawakukubali kutawaliwa na watu wa basi. Ndani ya siku kumi wakamchagua Balagizi, yule yule wa nguruwe. Mutualité ikawa tatu, magrupu matatu, maprésident watatu. Na watu wa kampeni hawakulia hata kidogo. Zamani ilibidi kumlainisha mtu mmoja anayeongea kwa niaba ya miji mitatu, mtu mwenye mkutano wa kuuogopa. Sasa ni watatu, kila mmoja anataka kuonekana mkubwa kuliko wenzake, na hakuna wa kumuuliza. Balagizi ndiye alikuwa wa kwanza kukubali: jezi na mipira kwa timu ya vijana. Rangi ya jezi usiulize.

Wiki ya mwisho kabla ya kura simu ikalia jikoni kwa Nshombo. Alikuwa yule mama mrefu. Akasema "Président Nshombo", na jina likatoka lote, sawasawa, na ile N ya mbele isiyowezekana. Alikuwa amelifanyia mazoezi. Miaka kumi na mmoja Amerika, na hakuna mzungu aliyewahi kujisumbua hivyo. Nshombo akanyoosha mgongo bila kujua.

Clémence alikuwa mezani, anafunga viatu vya kazini.

"Ndiyo," Nshombo akasema kwenye simu, kwa ile sauti yake ya mkutanoni. "Ni mimi. Mnataka kuja siku gani?"

Clémence akachukua koti, akatoka, akaacha mlango wazi na baridi ikaingia yote.

Haya, nyie mnaosoma. Grupu lenu nani alilivunja, na alipewa nini: usafiri, fulana, mchele, au aliitwa tu kwa jina lake vizuri? Na baada ya kula, mlimpigia kura kweli? Andikeni hapa chini, na majina msifiche. Kama aliyeuza ni wewe mwenyewe, ndiyo kabisa, tuandikie, maana hao wanaouza huwa wanasimulia vizuri kuliko waliouzwa.