Spika ya Kanisa

Mama yangu haoni. Nilipomwambia kwamba mdogo wangu amepatikana hai, yule tuliyepotezana naye tukikimbia kutoka Kivu, hakushangilia. Alisema tu, "Picha ni ya benye macho. Mimi muniletee sauti." Alikuwa ameshamlilia matanga, na hakutaka kumfufua mtoto kwa maneno ya watu.

Habari niliitoa mjini Mbarara. Mwanamke mmoja wa mtaa wa Nyamityobora, ninakonunua vitenge, alinionyesha picha ya mdogo wangu kwenye simu yake. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje! Simu yangu ni ya vitufe tu, kwa hiyo kupitia mwanamke huyo tukapanga mdogo wangu apige kwa video kwenye kompyuta dukani kwa fundi mmoja Mrundi, hapa kambini kwetu Misiera. Yeye huko aliko angeazima simu ya mtu. Tukikosa kupatana siku hiyo, hatujui tena lini.

Saa ikafika. Uso ukatokea kwenye kioo, ni yeye kabisa, mdomo unacheza, sauti hakuna. Mama alikaa pembeni yangu, ameshika kitenge chake kwa mikono miwili. Fundi anatumia programu ya kuendeshea kompyuta iitwayo Linux, na anaisifia kuliko mke wake. Akaangalia kama sauti imezimwa: haijazimwa. Akaipandisha mpaka mwisho: wapi! Akachomoa spika, akachomeka tena. Bure.

"Fundi, bubu ni mashini ao ni wewe?" nikamfokea. Hasira zangu hazijui kubisha hodi.

"Dada, haraka haraka haina baraka. Sauti inatoka. Ona huu mstari wa sauti kwenye kioo unavyorukaruka."

"Inatoka inaenda fasi gani? Congo?"

Mama akainua mkono. "Munyamaze." Akageuza sikio upande wa kanisa, ambalo liko ukuta kwa ukuta na duka. "Sauti iko kule."

Fundi akajipiga paji la uso. Kila Jumapili kompyuta yake hubebwa kanisani kuonyesha maneno ya nyimbo, na huunganishwa bila waya na spika kubwa ya kwaya. Kina mama wa kwaya walikuwa wameiwasha kwa mazoezi, na kompyuta ikaikimbilia kama mbuzi anayejua njia ya nyumbani. Na sisi tulikuwa tumepandisha sauti mpaka mwisho! Walituambia baadaye kwamba waliposikia wanaitwa mama waliitikia, "Abee, mwanetu!" bila kujua nani anaita.

Fundi akafungua mipangilio ya sauti, akachagua spika ya dukani badala ya ile ya kanisa, akaishusha kidogo.

"Ma... ma-ma... u-u..."

"Mtandao huo unakatakata!" nikapiga kelele, machozi yameshanijaa. "Fundi, fanya kitu, tunampoteza tena!"

"Muache," Mama akasema. "Haiko mutandao. Mutoto wangu iko na kigugumizi tangu alianza kusema. Wewe dada yake umesahau?"

Nilikuwa nimesahau, jamani. Miaka mingi nilibaki na sura yake tu.

Mama akasogea mpaka pua yake ikagusa ile spika ndogo. "Sema polepole, mama," akamwambia binti yake. "Leo hakuna mutu atakukata."

Kina mama wa kwaya walikuwa wamejaa mlangoni. Wote tukamngoja amalize neno lake.