Mjomba Salum Auomba Radhi Mti

Hebu pata picha: mwanamume aliyevaa suti mpya amesimama bustanini Birmingham, anauomba radhi mti, na bibi yangu yuko nyuma yake, anamsikiliza kama mwalimu.

Nilipokuwa mtoto tuliishi Northfield, mtaa mmoja wa Birmingham, na mti huo, ambao Waingereza huuita elda, uliota kando ya geti letu la nyuma. Kila Septemba Bibi aliyachemsha matunda yake madogo meusi pamoja na karafuu na tangawizi, akayakamua kwa kipande cha kanga kuukuu, akatia asali. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yetu ya kikohozi. Aliyemfundisha ni jirani yetu, Mwingereza mtu mzima, aliyemwonya pia kwamba ndani ya mti anakaa bibi kizee, na ole wake achumaye bila kumwomba. Bibi alifurahi mno. Kwao Pemba nako dawa haichumwi kabla ya kuuomba mti. Ila huu, alisema, ni wa Kizungu, Kiswahili haukijui. Basi nikawa mkalimani wake.

Jumamosi moja wakwe watarajiwa wa Mjomba Salum walikuwa waje alasiri kumwona. Alitukuta mtini, akacheka.

"Mama, umefika Ulaya na bado unaipigia miti hodi?"

Akachuma konzi nzima, akatia mdomoni.

"Salum! Hujaomba!"

"Atanifanya nini huyo kizee?"

Adhuhuri ikamkuta chooni, anatapika.

"Mama, wageni wanakuja!"

"Kaombe radhi," Bibi akajibu nyuma ya mlango. "Kwa Kiingereza."

Akajikokota mpaka mtini, suti mwilini. "Sori, madam," akanong'ona.

"Paza sauti. Mtu mzima huyo, pengine hasikii."

"SORI, MADAM!"

Geti likafunguka. Wakwe.

"Anasema na nani?" mama mkwe akauliza.

"Anaomba dawa," Bibi akasema, bila kupepesa macho.

Yule mama akamtazama Salum toka juu mpaka chini. "Afadhali. Vijana wa huku hawaombi tena."

Akapewa mke.

Siku hizi najua kilichompata: matunda yale mabichi huchafua tumbo, mpaka yapikwe. Bibi kizee hakuhusika. Hata hivyo nawafundisha wanangu kuomba, kwa kuwa anayesimama kuomba hana haraka ya kutia kitu mdomoni. Nanyi, mkiyasahau mengine yote, tafadhali ikumbukeni sufuria.