Wiki Msalaba Ulipolala Kwangu

Mimi ni mwoga, wala sioni haya kulisema. Nilizaliwa kwenye vilima vya Masisi, karibu na Lushebere, nikalima maharagwe na viazi huko mpaka vita vilipotufukuza tukateremkia misitu ya Walikale. Kule kwetu unamwona mtu akiwa bado mbali. Huku miti imesimama mpaka mlangoni, na anayekuja unamjua akishafika.

Padri tulimwona kwa bahati, na mkatekista alikuwa amekimbia. Basi shirika letu, yaani jumuiya yetu ndogo ya Wakristo, likakubaliana: msalaba wa mbao uzunguke nyumba kwa nyumba, kila nyumba wiki moja, na nyumba unakolala ndiyo iongoze sala, ifundishe wanaotaka ubatizo, itembelee wagonjwa. Asiwepo wa kusema kazi ya Injili ni ya wengine. Nilipiga makofi pamoja na wote. Nilidhani wiki yangu itapita kwa sala mbili tatu na nyimbo.

Haikupita hivyo. Mchana mmoja alikuja jirani yangu, binti wa kijiji tulichokimbilia, akihema.

"Mama, mama yangu iko anakufa kule kwenye shamba. Kaka yangu amebakia naye. Anaomba ubatizo. Musalaba iko kwako, ao?"

"Iko kwangu," nilisema.

Njia ya huko niliiogopa mara mbili. Kwanza, watu wenye bunduki. Pili, wavulana wa kijiji walikuwa wamepelekwa msituni kutahiriwa kwa desturi ya mababu, na siku hizo mwanamke haruhusiwi kuwaona wanaume wanaowalinda. Yanayompata aliyewaona hayasimuliwi, na mimi jambo lisilosimuliwa ndilo linaloniua kabisa. Lakini yule binti alisema tukienda haraka tutapita. Nilijaza maji kwenye chupa, tukaondoka.

Sasa, kwetu Masisi, Mkristo akipita penye bunduki huimba. Anayenyamaza hudhaniwa mpelelezi; anayeimba wimbo wa kanisa hujulikana ni mtu wa sala tu. Kwa hiyo niliposikia kijiti kikivunjika kichakani, sikufikiri. Niliimba kwa sauti yote niliyopewa na Mungu.

Binti aligeuka akanifumba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza, Mama! Huku mwanamuke hawezi imba!"

Tayari nilikuwa nimechelewa kunyamaza. Majani yalifunguka, na sauti ya mwanamume ikasema karibu kabisa nasi, "Musituangalie! Mugeuke!"

Tuligeuka. Nyuma yangu nilisikia miguu ya watu wengi ikikanyaga majani, kisha pumzi zao. Niliwawaza watoto wangu, nani atawapikia.

"Nani amewatuma na nyimbo mu njia yetu?"

Binti ndiye aliyeeleza, akilia: mama, ugonjwa, ubatizo. Kisha ile sauti ikashuka.

"Weye ndio Mama wa musalaba?"

Hapo niliitambua. Ni sauti inayotusomea somo la kwanza kila Jumapili. Mtu angedhani nilitulia. Wapi! Niliogopa zaidi, maana sasa nilimjua, na kumjua niliona ni nusu ya kumwona.

"Hamuwezi pita," alisema. "Hata miye siwezi geuza ile desturi. Lakini miye pia niko mu shirika, nitaenda miye. Weka chupa chini, Mama. Unifundishe maneno."

Nilimfundisha nikiwa nimempa mgongo, uso wangu umeukabili mti. Ninakubatiza kwa jina la Baba. Akarudia. Na la Mwana. Akakosea, nikamsahihisha, akarudia tena, na sauti yake ilitetemeka kama yangu, kwa sababu wenzake walisimama pale wakimsikia. Binti aliomba amfuate kwa mama yake, wakamkatalia. Tulirudishwa kijijini bila kugeuza shingo. Njia nzima niliogopa kwamba wenzake watamkataza, au maji yatamwagika, au maneno yatampotea na yule mama afe akisubiri.

Asubuhi yule msomaji wetu wa Jumapili alikuja amevaa shati safi. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nilimubatiza, Mama. Alikuwa angali anasikia. Amekufa kulipokucha."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Yeye aliendelea kuangalia chini.

"Kitu moja tu. Hukunipa jina ya kumubatiza. Nilitafuta, nikakosa. Nikamupa yako."

Njia ilipofunguliwa, binti alinipeleka kaburini. Kaka yake alikuwa amechonga ubao na kuuchoma maandishi kwa chuma cha moto. Nililisoma jina langu lote juu ya udongo mbichi. Nilitaka kukimbia. Binti alipiga magoti, akanitazama, akingoja nimwombee mama yake.

Nilianza sala. Nilipofika mahali pa kumtaja marehemu, nilijitaja.